Ni Tuba Ipi Itafaa Simfonia?

Je, umezoea kupiga tuba katika bendi ya shule na sasa umealikwa kwenye orkestra? Usikimbilie kubwa kuliko zote. Uliza kwanza mtapiga nini.

Kwa kawaida orkestra huwa na tuba moja tu, hivyo kosa lako halina pa kujificha. Tuba ya F ni ndogo, na sauti zake za juu hutoka kwa wepesi. Ya C ni kubwa na nzito.

Berlioz alipotunga Symphonie fantastique mwaka wa 1830, tuba haikuwapo. Ilisajiliwa Berlin mwaka wa 1835. Aliandikia ala zenye sauti nyembamba zaidi, ndiyo maana wengi huchagua tuba ya F hapo. Lakini Simfonia ya Tano ya Prokofiev, ya 1944, yataka tuba kubwa.

Je, shule yenu ina moja tu? Usiwasumbue wazazi wakununulie nyingine. Wakati wa mazoezi, mwombe rafiki akae viti vya nyuma asikilize. Akisema anakusikia wewe peke yako, punguza pumzi na uwafuate wapigaji tromboni walio kando yako.