Mwanao wa chuo akitaka kadi ya kununulia mtandaoni, mpe ipi?

Tengeru. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko hapa Tengeru, na pesa inayopatikana siku hizo huwa imeshapangiwa njia. Nyingine inakwenda kwenye mbolea na pumba za ng'ombe, nyingine kwenye kikoba, na kwa mwenye mtoto chuoni kiasi kikubwa kinaingia kwenye simu na kutumwa kabla hata jioni haijafika. Eneo lenyewe limejaa wanafunzi. Kuna Taasisi ya Maendeleo ya Jamii, kuna chuo cha mifugo, kuna Chuo cha Ualimu Patandi, na kuna Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela inayosomesha uzamili na uzamivu.

Zamani simu ya mtoto ilikuwa ya nauli na hela ya kula. Sasa kuna simu ya aina nyingine, na mzazi mwenye mtoto chuoni ataitambua: "Shikamoo mama. Mama naomba upige picha kadi yako ya benki, mbele na nyuma, unitumie WhatsApp. Kuna kitu nataka kulipia mtandaoni, nitakurudishia."

Mara nyingi hicho kitu ni cha kweli. Ada ya kuomba nafasi katika chuo cha nje hulipwa kwa kadi. Mitihani ya Kiingereza inayotakiwa na vyuo hivyo hulipwa kwa kadi. Kitabu cha kielektroniki, programu ya kuchorea ramani, nafasi ya kuhifadhi kazi mtandaoni, vyote hivyo muuzaji wake yuko nje na hajui lipa namba ni nini. Tena maduka ya mtandaoni yaliyozoea mazingira yetu hayakudumu yote; Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Kijana anayetaka kitu kutoka China au Marekani leo anahitaji kadi, yake au ya mtu mwingine.

Kwa hiyo mtoto akiomba usimkasirikie. Ila picha usitume.

Kadi yako ya benki ina mambo matatu ambayo mtu akiwa nayo anaweza kununua bila kukushika mkono: namba ndefu ya mbele, tarehe ya mwisho wa matumizi, na zile tarakimu tatu za nyuma. Ukizipiga picha, umezitoa zote kwa mkupuo. Picha hiyo itakaa kwenye simu yako, kwenye simu ya mtoto, na pengine kwenye simu ya mwenzake wa bwenini aliyeazimwa ili "amsaidie kulipia". Baadhi ya maduka hutaka pia namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu ya mwenye kadi, lakini si yote. Na kadi uliyoipiga picha ndiyo inayobeba mshahara wako au malipo ya maziwa ya mwezi mzima.

Kadi ziko za aina tatu

Neno "kadi" linachanganya watu kwa sababu zote zinafanana kwa sura. Kuna kadi inayochota kwenye akaunti yako ya benki, ile tunayoiita kadi ya ATM. Kuna kadi unayoiwekea pesa kwanza ndipo itumike. Na kuna kadi ya mkopo, ambayo pesa inayotumika ni ya benki na wewe unadaiwa.

Vijana wengi husema wanataka ya tatu, kwa sababu ndiyo wanayoisikia kwenye video za Wamarekani. Kwa hapa kwetu ni vigumu mwanafunzi kuipata. Benki hutoa kadi ya mkopo kwa mtu mwenye kipato kinachoonekana, au aliyeweka amana ya kuidhamini, na mtoto wa mwaka wa kwanza hana hivyo vyote viwili. Njia pekee iliyobaki kwake ni kadi ya ziada chini ya kadi ya mzazi. Yeye anatumia, jina lake linaandikwa juu, lakini deni ni lako.

Hata huko Marekani walikuja kushtuka. Benki zilikuwa zikiweka meza vyuoni na kugawa fulana na zawadi nyingine kwa mwanafunzi anayejaza fomu ya kadi. Mwaka 2009 Bunge lao lilitunga sheria kwamba aliye chini ya miaka 21 asipewe kadi ya mkopo mpaka aonyeshe kipato chake mwenyewe au awe na mtu mzima wa kumdhamini, na zawadi za kuwavutia vijana chuoni zikapigwa marufuku.

Tuseme kijana ametumia shilingi 300,000 kwa kadi ya mkopo, na riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Mwezi unaofuata deni ni 309,000. Benki inamwambia alipe angalau asilimia 10, yaani 30,900, naye analipa na kuona amefanya la maana. Lakini katika hiyo, 9,000 ni riba. Deni lenyewe limepungua kwa 21,900 tu. Bado anadaiwa 278,100, na mwezi ujao hesabu inaanza upya. Kwa mtu anayesubiri boom ya Bodi ya Mikopo, ambayo nayo ni mkopo, huko ni kulipa deni kwa deni.

Kadi ya mkopo ina uzuri wake, tusiidharau. Ukilipa deni lote ndani ya muda uliopewa, mara nyingi hutozwi riba kwa ulichonunua, na ukidhulumiwa kilichopotea ni pesa ya benki wakati mnabishana. Hiyo ni faida kwa mtu mwenye mshahara wa kila mwezi. Kwa mwanafunzi, kwa maoni yangu, isubiri.

Iliyo ndani ya simu

Kadi inayomfaa mwanafunzi ni ile ya kuwekewa pesa kwanza, na habari njema ni kwamba si lazima iwe ya plastiki. Kenya, Juni 2022, Safaricom na Visa walizindua M-Pesa GlobalPay, kadi isiyoshikika, inayotengenezwa ndani ya simu na kutumia salio la M-Pesa kulipia popote duniani wanapopokea Visa. Hapa Tanzania nako kampuni za simu zina kadi za namna hiyo, nyingine kwa ushirikiano na Visa na nyingine na Mastercard. Unaingia kwenye menyu au programu ya kampuni, unaunda kadi, unapewa namba, tarehe na zile tarakimu tatu. Baadhi ya benki nazo zina kadi za kuwekewa pesa, za plastiki au za ndani ya simu.

Uzuri wake uko kwenye utupu wake. Kitu kinauzwa dola 20, kijana anaweka za kutosha dola 20 na makato, analipa, kadi inabaki tupu. Mwizi akizipata namba kesho, atakuta shilingi mia tano. Hakuna mshahara nyuma yake, hakuna ada ya muhula.

Kadi ya ATM ya akaunti ya mwanachuo inafuata kwa ubora. Nayo hainunui zaidi ya kilichopo, na benki nyingine hufunga malipo ya mtandaoni mpaka mwenye kadi aombe yafunguliwe, jambo ambalo ni ulinzi mzuri. Tatizo ni pale akaunti hiyo hiyo inapopokea boom na ada. Ukikubali atumie hiyo, mwambie afungue malipo ya mtandaoni siku ya kununua na kuyafunga jioni, kama benki yake inaruhusu kufanya hivyo kwenye simu.

Kabla ya kuchagua, waulize kampuni ya simu au benki maswali machache, tena muulize wewe mzazi kwa sababu kijana ana haraka. Kutengeneza kadi ni bei gani, na kuna makato ya kila mwezi hata isipotumika? Dola wanaibadilisha kwa kiwango gani, na wanaongeza asilimia ngapi juu yake? Kikomo cha matumizi kwa siku ni kiasi gani? Muuzaji akirudisha pesa, inarudi wapi na baada ya siku ngapi? Hilo la mwisho watu hulisahau, halafu kadi ya ndani ya simu inafutwa na pesa inarudi kwenye kadi ambayo haipo.

Laini ni ya nani?

Hapa ndipo wazazi wengi wamelala. Laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na kitambulisho hicho hutolewa kwa aliyefikisha miaka 18. Watoto wengi huingia chuo ngazi ya cheti wakiwa na miaka 16 au 17, wakitumia laini iliyosajiliwa kwa jina la baba, mama au dada mkubwa. Kadi itakayotengenezwa kwenye laini hiyo ni ya mwenye jina. Na mkopo wa simu utakaochukuliwa humo, ile Songesha na ndugu zake, nao ni wa mwenye jina. Siku unakwenda benki kuomba mkopo wa ng'ombe wa maziwa, taarifa za mikopo zikivutwa zitasoma jina lako.

Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama mtoto ameshatimiza 18 na amepata namba ya NIDA, asajili laini yake, kadi aiunde huko. Kama bado, basi kubali kwamba kadi ni yako na ujumbe wa miamala uwe unauona.

Na tukiwa kwenye mikopo: kijana aliyekosa kadi asije akakimbilia programu za mikopo zinazojaa kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Ndizo zile zinazovuna majina kwenye simu ya mkopaji na kuanza kuwapigia shangazi na mchungaji. Kausha damu imehamia mtandaoni.

Bei ya kwenye kioo siyo bei

Tuseme binti ameona spika ya dola 30, na kuisafirisha ni dola 12. Dola tuifanye shilingi 2,600. Jumla ni 109,200, naye anakuomba 110,000. Mzigo ukifika, kuna ushuru wa forodha. Kiwango cha bidhaa nyingi zilizokamilika katika Afrika Mashariki ni asilimia 25, na nyingine zinafika 35. Tukitumia 25, ni shilingi 27,300. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 ya hizo mbili zikijumlishwa, ni 24,570. Sasa tumefika 161,070, hapo hatujaweka makato ya kadi wala tozo nyingine za mzigo. Kabla ya kununua, apite kwanza maduka ya Arusha mjini aulize bei. Wakati mwingine kilichopo dukani ni nafuu, na unakijaribu kabla ya kulipa.

Jambo jingine ni "jaribu bure siku saba". Huduma hizo hutaka namba ya kadi hata kama ni bure, na siku ya nane zinaanza kukata kila mwezi, kimya kimya. Kadi iliyo tupu inawashinda. Kadi ya mshahara haiwashindi.

Kuna muuzaji atakayemwambia kijana aachane na kadi, atume tu pesa kwa namba ya simu apunguziwe bei. Akatae. Pesa iliyotumwa kwa mtu kwa hiari yako ni ngumu kuirudisha. Malipo ya kadi yana utaratibu wa kupinga muamala: mzigo haukufika, au umefika mbovu, mwenye kadi anaiandikia benki au kampuni ya simu iliyotoa kadi, anaambatanisha risiti na mazungumzo na muuzaji, nao wanadai kwa niaba yake kupitia Visa au Mastercard. Muda wa kufanya hivyo una mwisho, kwa hiyo asingoje "kesho atatuma" ya mwezi wa tatu.

Ujumbe wa matapeli, wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" na wenzake, unatumwa bure kwenda 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano. Anayepiga akijifanya mtu wa benki na kuuliza namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu, mkatie. Mfanyakazi wa kweli haiulizi. Kadi ikitumika bila idhini, kwanza ifungwe hapo hapo kwenye programu au kwa kupiga huduma kwa wateja, ndipo malalamiko yaandikwe, na mpewe namba ya kumbukumbu. Benki ikikuzungusha, malalamiko yanapelekwa Benki Kuu, ambayo ina tawi Arusha mjini. Nendeni wote wawili, wewe na mtoto, na mbebe barua mliyoiandikia benki pamoja na ile namba ya kumbukumbu.