Nchi ya Asili na Nchi Itokako Bidhaa

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wa hati za forodha ni hizi mbili: "nchi ya asili" na "nchi itokako bidhaa". Wengi wetu huzitumia kana kwamba maana yake ni moja. Sivyo.

Tuitazame merikani, kile kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa. Baada ya Sayyid Said kutiliana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, kitambaa hicho kililetwa Unguja kwa wingi na merikebu za Salem, Massachusetts, kikasambaa bara hata kikatumika kama fedha. Watu wakakipa jina la nchi kilikotoka. Hata hivyo, pamba yake ilikuwa imelimwa katika majimbo ya kusini, ikafumwa kaskazini. Vita vya 1861 hadi 1865 vilipoikatiza biashara hiyo, nafasi ilichukuliwa na vitambaa vya nchi nyingine, na baadaye viwanda vya Bombay vikashamiri. Kitambaa kikawa cha Kihindi, jina likabaki merikani. Karani aliyelifuata jina angalipotoka.

Bandari nazo hudanganya. Nyuzi za mkonge zilipata jina lake la Kizungu kutoka Sisal, bandari ndogo ya Yucatán zilikopakiwa, wala si shambani. (Kiswahili hapa kimetuepusha na kosa: tuna mkonge, na tuna katani.)

Kasoro ya "itokako" ni kuwa yaweza kumaanisha mahali bidhaa ilipozaliwa au ilipoondokea. Tunapendekeza "nchi ya asili" itumike kwa mahali bidhaa ilipolimwa, ilipochimbwa au, nchi kadhaa zikihusika, ilipofanyiwa mageuzi makubwa ya mwisho. Kipimo hiki kimo katika Mkataba wa Kyoto wa 1973 kuhusu taratibu za forodha. Kwa mahali iliposafirishiwa tu, iandikwe "nchi ilikopakiwa". Wako waandikao "uasilia" badala ya "uasili"; hatuna ugomvi nao.

Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza mwaka 2005, bidhaa zenye asili katika nchi wanachama husamehewa ushuru zikiwa na cheti cha uasili. Mfanyabiashara aliyenunua Mombasa mchele wa Pakistani, akasoma katika fomu yetu "nchi itokako bidhaa", ataandika Kenya kwa moyo safi. Akifika Namanga, msamaha hataupata.