Vyuo vya nchi ya chai vijifunze kuhesabu stima

ASUBUHI na mapema, msafiri anayetoka mjini Kericho kuelekea Litein na hatimaye Bomet huyaona majani ya chai yaking'aa kwa umande, na jua likiwa limekwisha kuchomoza upande wa msitu wa Mau. Jua hilo huwa safi na kali. Ifikapo alasiri, mawingu hujikusanya kutoka upande wa Ziwa Viktoria, radi hupiga, na mvua hunyesha, mara nyingine ikiwa mvua ya mawe. Hiyo ndiyo desturi ya nchi ya chai: jua asubuhi, mvua jioni. Mwenyezi Mungu hakuwanyima watu wa huko kawi. Tulichojinyima sisi wenye vyuo ni hesabu yake.

Nakumbuka jioni moja nilipoalikwa kuzungumza na wanafunzi wa chuo kimoja cha umma kuhusu isimu ya lugha zetu. Nilikuwa sijafika nusu ya mhadhara stima ilipopotea. Jenereta ilikuwapo nyuma ya ukumbi, lakini dizeli haikuwapo. Wanafunzi waliwasha kurunzi za simu zao nami nikaendelea, ijapokuwa ubao haukuonekana. Baada ya mhadhara kijana mmoja alinisindikiza hadi langoni. Aliniambia kwamba juma la mitihani lililotangulia maktaba ilifungwa saa kumi na mbili jioni kwa sababu hiyo hiyo. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, lile jua la mchana kutwa lilienda wapi?" Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu, ingawa nimechelewa.

Mimi ni mtu wa lugha, na msomaji ataniwia radhi nikianza na maneno. Wakenya wengi huuita umeme "stima", neno lililotokana na mvuke wa Waingereza, ambalo pwani lilikuwa pia jina la meli. Tangu mwaka 1981, mvuke wa Olkaria ulipoanza kuzungusha mitambo, jina hilo limepata maana kuliko walivyodhani waliolizoea. Serikali yetu husema "kawi", majirani zetu wa Tanzania husema "nishati". Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na neno "mbadala". Tukisema jua na maji ni kawi mbadala, tunamfundisha msikilizaji kwamba kuna kawi yenyewe, na kuna hii nyingine ya kushika zamu, mithili ya gurudumu la akiba linalotolewa tu wakati wa pancha. Wataalamu wametupa neno bora zaidi: kawi jadidifu, yaani ile inayojirejesha upya kila uchao. Waama, katika imani ya jadi ya Wakipsigis, Asis ni jina la jua na pia ni jina la Mungu. Watu wenye msamiati kama huo hawahitaji kuambiwa kwamba jua si kitu cha akiba.

Hebu tuitazame nchi yenyewe. Mito ya Itare na Kipsonoi hupita katikati ya mashamba ya chai, ikakutana na mingine na kuwa Mto Sondu, ambao huteremka kuelekea Ziwa Viktoria. Huko bondeni maji hayo huzungusha mitambo ya Sondu Miriu, yenye uwezo wa megawati 60, na kisha ile ya Sang'oro, yenye uwezo wa megawati 21. Mvua inayomlowesha mwanafunzi wa Kericho akikimbilia darasani ndiyo, baada ya siku kadhaa, inayowasha taa za taifa. Makampuni makubwa ya chai yaliling'amua jambo hili zamani. Kwa miongo mingi yamekuwa yakijizalishia umeme kwa maporomoko ya mito iliyomo mashambani mwao, kwa sababu kiwanda cha chai hakiwezi kusubiri: jani likichumwa leo, lisipokaushwa kwa wakati huharibika.

Bomet nako kuna mfano ambao kila msimamizi wa chuo angepaswa kwenda kuutembelea. Hospitali ya Tenwek iko kando ya Mto Nyangores, mmoja wa mito inayouzaa Mto Mara. Mwaka 1987 hospitali hiyo ilipata mtambo wake wa umeme kwenye maporomoko yaliyo jirani nayo. Tenwek si chuo kikuu cha umma, bali ni hospitali ya misheni. Hata hivyo ni mahali pa mafunzo ya madaktari na wauguzi, na chumba cha upasuaji, kama kiwanda cha chai, hakina subira. Wenye Tenwek waliutazama mto uliokuwa mlangoni pao, wakaupima, wakauweka kazini.

Vyuo vyetu vya umma je? Chuo Kikuu cha Kabianga kilipata hati yake mwaka 2013. Chuo Kikuu Kishiriki cha Bomet kilianzishwa mwaka 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Kuna chuo cha walimu cha Kericho, na kuna taasisi za kiufundi kama ile ya Sot kule Bomet. Taasisi zote za namna hii nchini hufanya kazi katika wakati mgumu wa fedha. Migomo ya wahadhiri ya mwaka 2024 na 2025 ilimwonyesha kila mtu kwamba mfuko wa vyuo umetoboka. Katika hali kama hiyo, shilingi inayopotea kwa uzembe wa stima ni shilingi iliyonyang'anywa mwanafunzi.

Kuna watakaosema kwamba sehemu kubwa ya umeme wa taifa tayari hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo, kwa hiyo chuo hakina haja ya kujisumbua. Ni kweli kwamba umeme wetu ni safi kuliko wa mataifa mengi tajiri. Lakini usafi si unafuu. Chuo hulipa yuniti zilizotumika, hulipa kodi na tozo zinazoandamana nazo, na mtumiaji mkubwa hutozwa pia kwa kiwango cha juu kabisa cha matumizi alichofikia katika mwezi. Maana yake ni kwamba saa moja ya fujo, ambapo jikoni, mabweni na maabara vyote vimewashwa kwa pamoja, inaweza kuipandisha hati ya mwezi mzima.

Basi tuanzie wapi? Nasikitika kusema kwamba wengi hupenda kuanzia mwisho. Paneli hununuliwa, mgeni wa heshima hualikwa, utepe hukatwa, picha hupigwa, na baada ya miaka mitatu betri zimekufa na hakuna anayejua ufunguo wa chumba cha mitambo uliko. Mpango wa busara huanza na daftari. Kila bweni, kila jiko na kila maabara iwe na mita yake. Asiyejua stima yake inakwenda wapi hawezi kuiokoa.

Hatua ya pili ni kuziba nyufa. Ukumbi wenye balbu mia moja za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hutumia yuniti 30. Balbu za kisasa za wati tisa, kwa saa zizo hizo, hutumia yuniti nne na nusu. Hapo hapahitajiki mfadhili wala hotuba.

Hatua ya tatu ni maji ya moto, na hapa nawaomba wanafunzi wanisikilize kwa makini, maana tunajuana. Asubuhi ya Kericho, mahali palipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, si ya kuogea maji ya bomba. Ndiyo maana koili hufichwa chini ya vitanda, nyaya huungwa ovyo, na mabweni huwa hatarini kuungua. Tufanye hesabu ya mfano. Ndoo ya lita 20, ikiwa maji yana nyuzi 16 nasi tunayataka yafike nyuzi 40, huhitaji kiasi cha yuniti 0.56. Wanafunzi 1,000 wakioga mara moja kwa siku, hizo ni yuniti 560. Tukikadiria yuniti kuwa shilingi 25, hiyo ni shilingi 14,000 kwa siku, na katika muhula wa siku 100 ni shilingi 1,400,000. Mitambo ya kupasha maji kwa jua ikifanya japo nusu ya kazi hiyo, chuo kimeokoa shilingi 700,000 kwa muhula, na koili zitatoka zenyewe chini ya vitanda.

Hatua ya nne ni jikoni. Vyuo na shule nyingi za bweni bado hupika kwa kuni, na katika nchi ya chai kuni hizo aghalabu ni za mikaratusi. Kuni mbichi hubeba maji mengi, hata kukaribia nusu ya uzito wake, na moto hutumia nguvu zake kuyafukiza maji hayo kabla ya kuichemsha sufuria. Anayenunua kuni mbichi hununua maji kwa bei ya moto. Banda lenye paa, ambamo kuni hukaushwa miezi kadhaa, ni mtambo wa kawi usiohitaji fundi. Ongezea majiko ya taasisi yaliyojengwa kwa kuzingatia njia ya moshi na joto, ya aina ambazo Wakfu wa Bellerive ulizisambaza nchini tangu miaka ya 1980, nawe utakuwa umeokoa fedha, misitu, na macho ya mpishi. Vyuo vyenye ng'ombe wa maziwa vina hazina nyingine tena: samadi hutoa gesi ya kupikia, na masalia yake hurudi shambani yakiwa mbolea.

Baada ya hayo yote ndipo tuseme juu ya paneli za umeme wa jua. Kericho iko karibu kabisa na Ikweta, kwa hiyo mwelekeo wa paa si tatizo kubwa. Tatizo ni saa. Jua letu ni la asubuhi, ilhali chuo chenye mabweni huwaka zaidi jioni. Paneli zisizo na betri zitahudumia ofisi, maabara na pampu za maji mchana, lakini hazitaiwasha maktaba usiku. Kwa hivyo pampu na mashine za kufulia zifanye kazi asubuhi, na betri chache ziwekwe kwa ajili ya maktaba na taa za usalama. Tena nchi hii ni ya mvua ya mawe. Kioo kisicho imara kitapasuka, kwa hiyo mkataba utaje wazi uimara wa kioo na ni nani atakayelipia hasara.

Sheria nayo imefungua mlango. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inamruhusu mtumiaji mwenye mtambo usiozidi megawati moja kufanya mapatano ya kuingiza ziada yake katika gridi na kupunguziwa katika hati yake, na kanuni za kutekeleza jambo hilo zilitolewa mwaka 2024. Chuo Kikuu cha Strathmore kule Nairobi, ingawa ni cha kibinafsi, kilitangulia mwaka 2014 kwa kuweka paneli za kilowati 600 juu ya mapaa yake. Chuo kisicho na mtaji kinaweza pia kuafikiana na kampuni iweke mtambo kwa gharama yake, nacho kinunue umeme huo kwa bei nafuu. Lakini hapa mnyonge ahadhari. Mikataba ya namna hii huweza kudumu miaka kumi na mitano au ishirini, kupita muhula wa naibu chansela yeyote. Isomwe na wanasheria, isomwe na wahandisi, na muhtasari wake ubandikwe kwa Kiswahili sanifu mahali ambapo mwanafunzi na mpishi wataweza kuusoma. Siri ya mkataba ndiyo mbegu ya hasara.

Na wa kuitunza mitambo hiyo wasitoke mbali. Taasisi za kiufundi za kaunti hizi mbili hufunza vijana ufundi wa umeme. Mwanafunzi wa ufundi akifanya mazoezi yake juu ya paa la chuo jirani, chuo kimepata fundi, naye amepata ujuzi. Walimu wa hesabu na fizikia nao wamepewa kitabu bure: hati ya stima ya kila mwezi. Mwanafunzi akiichambua hati hiyo darasani atajifunza asilimia, wastani na uraia kwa wakati mmoja.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Fedha zikiokolewa zitakwenda wapi? Zikimezwa na posho za vikao na magari ya wakubwa, basi jua litakuwa limechomoza bure. Napendekeza kila baraza la chuo litangaze mwisho wa mwaka ni kiasi gani kimeokolewa, na litenge fungu linalojulikana kwa mambo mawili: maktaba iwe wazi hadi usiku, na wanafunzi walio karibu kuacha masomo kwa kukosa karo wasaidiwe. Hapo mwanafunzi atazima taa anapotoka darasani bila kulazimishwa, kwa kuwa atajua taa hiyo ni karo ya mwenzake.

Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema, na kibaba kilichotoboka hakijai kamwe. Kwa kijana yule aliyenisindikiza langoni, jibu langu ni hili: jua la mchana kutwa lilipita juu ya mapaa yetu, likatutazama, likatukuta hatuna hata daftari. Kesho asubuhi litachomoza tena upande wa Mau. Tulipokee tukiwa na kalamu mkononi.