Hoteli Zilipofungwa, Hasara Ilifika Mpaka Shambani



Katika mkutano mmoja hapa Kinkondja tulikuwa tunazungumza juu ya kulima nyanya na pilipili kwa ajili ya mnunuzi mmoja wa Kolwezi, mwenye kulisha wafanyakazi wa mgodi. Mama mmoja akanyoosha mkono, akauliza: "Na kama huyu bwana anaamka asubuhi moja, anasema sinunui tena, nyanya zote hizo tutakula sisi wenyewe?" Watu walicheka. Sisi hatukucheka sana, sababu swali lake lilikuwa swali la kweli kuliko yote ya siku ile. Tuliahidi kulijibu katika gazeti hili. Jibu linatoka mbali kidogo: kwenye hoteli za Zanzibar, kwenye mbuga ya Virunga na kwenye mpaka wa Goma, mwaka 2020, wakati wa korona.

Mtasema: sisi na watalii tunaunganaje? Kweli, Kinkondja hakuna hoteli yao. Tuko na ziwa Kisale, na ndege wa maji, na jirani yetu ni mbuga ya Upemba iliyoundwa tangu 1939, ambamo wamo punda milia na swala wa majimaji wa aina ya Upemba tu. Lakini wageni wanaofika huku na kamera shingoni, unaweza kuwahesabu kwa vidole. Ila pesa ya mtalii na pesa ya mgodi zinatembea njia moja. Zote mbili zinatoka inchi za mbali, zinaingia kwa mlango mmoja, halafu zinagawanyika kidogo kidogo mpaka kwa mama anayeuza mchicha. Mlango ukifungwa, mama wa mchicha anajua kabla ya waziri.

Tuanze na namna mlango ule ulifungwa. Mwaka 2019 dunia nzima ilihesabu safari za watalii wanaovuka mipaka karibu miliari 1 na nusu. Mwaka 2020 zilibaki kama milioni 400. Tanzania bara na visiwa vyake walipokea wageni zaidi ya milioni 1,5 mwaka 2019. Mwaka uliofuata, kama 620.000. Kenya walishuka kutoka milioni 2 mpaka chini ya 600.000. Zanzibar peke yake ilizoea wageni zaidi ya 500.000 kwa mwaka, na 2020 ikapata karibu nusu yao. Nusu si kidogo, mtu anaweza kusema. Lakini sehemu kubwa ya nusu hiyo ilikuja Januari, Februari na mwanzo wa Machi, mbele ya ndege kusimama. Kwa hiyo kulikuwa na miezi ambayo hoteli zilibaki na mlinzi na mbwa wake.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawakulitazamia. Tanzania ilisimamisha ndege za kimataifa katikati ya Aprili 2020, na tarehe 18 Mei ikafungua tena, mapema kuliko jirani zake. Kenya ilingoja mpaka tarehe 1 Agosti. Lakini kufungua mlango hakuleti mgeni kama kwake, Ulaya, mlango bado umefungwa. Mwenye kuuza anaweza kuwa tayari, na mali yake nzuri, na bado asiuze, sababu tatizo liko kwa upande wa mnunuzi. Neno hili tuliweke kando, tutalirudia.

Nani alipoteza kazi kwanza? Si mkubwa wa hoteli. Walianza wale wasio na karatasi: dereva wa kukodishwa kwa siku, kijana wa kuongoza wageni, mama wa kufua mashuka, wabeba mizigo, wauza vinyago kando ya bahari. Hawa hawafukuzwi kwa barua. Wanaambiwa tu: kesho usije. Wenye kontra wengine walipewa likizo bila mshahara, wengine nusu mshahara. Shirika moja la biashara ya utalii duniani lilihesabu kazi milioni 62 zilizopotea mwaka ule katika utalii na kazi zinazoshikamana nao. Sisi hesabu kubwa namna hiyo zinatupita kichwa. Tunaelewa zaidi tukifikiri mshahara mmoja: dereva mmoja wa Zanzibar au Mombasa analisha nyumba yake, anatuma pesa kwa mama yake kijijini, na mama huyo kwa pesa hiyo analipa mtu wa kumlimia. Dereva akikaa, shamba la mama linabaki na majani.

Sasa tuingie shambani kwenyewe, maana hapo ndipo sisi waagronomu tunaona mambo ambayo wengine hawaoni.

Hoteli hainunui kama soko. Inataka saladi, pilipili hoho kubwa za rangi, brokoli, nyanya zote za ukubwa mmoja. Bei yake ni nzuri, ndiyo maana mkulima anakubali. Lakini mkulima amefunga mikono yake mara mbili. Mara ya kwanza, sababu mmea una muda wake: nyanya tangu kitalu mpaka mavuno ni kama miezi 3 au 4. Aliyepanda kitalu Januari 2020 alikuwa anatazamia kuvuna Aprili au Mei, na Aprili hapakuwa na mtu wa kununua. Hawezi kuambia mmea "ngoja kwanza". Mara ya pili, sababu mali yenyewe jirani hali. Mpelekee jirani yako brokoli, atakuuliza kama ni dawa. Nyanya unaweza kuipeleka soko la kawaida ukauza kwa hasara, brokoli unaitupa. Na ukipeleka nyanya soko la kawaida wakati mmoja na wakulima wengine wote wa hoteli, bei inaanguka mpaka haifikii hata nauli.

Kwa wavuvi ilikuwa vile vile. Samaki mkubwa, pweza na kamba waliozoea kwenda jikoni kwa hoteli walirudi kutafuta mfuko wa mwenyeji, na mfuko wa mwenyeji ulikuwa umekauka. Wengine waliopoteza kazi ya hoteli walirudi kuvua au kulima, kwa hiyo wauzaji waliongezeka siku ile ile wanunuzi walipopungua. Tazameni vizuri jambo hili, sababu linatuhusu sisi wa Kisale: kila mara kazi zinakufa mjini, watu wanarudi ziwani, na nyavu za matundu madogo zinaongezeka pamoja nao.

Katika inchi yetu mfano mkubwa ni Virunga. Mbuga hiyo ilikuwa imefunga wageni mwaka 2018 juu ya usalama, ikafungua Februari 2019, halafu Machi 2020 ikafunga tena. Sababu ya pili haikuwa bunduki: gorila anaweza kuambukizwa magonjwa ya kifua ya binadamu, na kundi lake ni dogo, kwa hiyo kikohozi cha mtalii kinaweza kumaliza ukoo mzima. Mwenye kufuga kuku anaelewa, anajua kuku mgonjwa mmoja wa kununuliwa sokoni anafanya nini kwa banda. Mwezi uliofuata, tarehe 24 Aprili 2020, watu 17 waliuawa karibu na Rumangabo, na 12 kati yao walikuwa walinzi wa mbuga. Pesa ya wageni ilikuwa imekauka wakati walinzi wanaihitaji zaidi. Ng'ambo, katika Uganda, tarehe 1 Juni 2020 gorila mkubwa aliyeitwa Rafiki aliuawa katika msitu wa Bwindi. Aliyehukumiwa alisema alikuwa anawinda nyama ndogo. Hatumtetei. Tunasema tu kwamba pori lisiloingiza kitu chunguni kwa wajirani linaanza kutazamwa kama buchari.

Goma inatufundisha jambo la namna nyingine, na hili ndilo tunalipenda zaidi. Mpaka na Gisenyi ulipofungwa Machi 2020, watu walikatazwa kuvuka kwa miguu, lakini magari ya mizigo yaliruhusiwa. Maelfu ya wamama waliokuwa wanavuka kila siku na beseni kichwani walikaa nyumbani. Basi wale waliokuwa katika vyama walianza kukusanya mali pamoja, wakajaza gari moja, likavuka na dereva wake, na ng'ambo chama cha wenzao kikapokea na kugawanya. Mama wa peke yake hakuweza, sababu beseni moja haijazi gari na hakuna anayemjua ng'ambo. Haikurudisha faida yote ya zamani, lakini iliwaokoa wengi wasile mtaji wao.

Turudi kwetu. Sisi watalii wetu ni shaba. Wazee wanaosoma hapa hawahitaji kufundishwa: miaka ya 1990 Gécamines ilianguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitolewa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, ingawa hiari yenyewe wengi hawakuiona. Wangapi walipanda treni kurudi huku Bukama, Malemba-Nkulu na Kinkondja? Halafu 2008: katikati ya mwaka tani ya shaba ilikuwa zaidi ya dola 8.000, mwisho wa mwaka kama 3.000, na migodi mingi ya Katanga ikafunga. Makayabo na mafuta ya ngazi ya kwetu vilipofika Likasi na Lubumbashi, wanunuzi walikuwa wanauliza bei na kupita. Na Machi 2020 Lubumbashi na Kasumbalesa zilifungwa siku 2 tu, unga ukapanda bei mara moja. Siku 2! Fikirini miezi 4.

Kwa hiyo, mama wetu, jibu ni hili: ndiyo, siku hiyo inaweza kufika, na haitawapa taarifa. Hatusemi mkatae mnunuzi wa Kolwezi. Bei yake ni nzuri, na kukataa pesa nzuri juu ya woga si mayele. Tunasema mtazame mnaweka nini mikononi mwake.

Swali la kwanza la kujiuliza kwa kila mmea ni: ukikosa mnunuzi, unaweza kungoja? Nyanya iliyoiva inangoja siku chache. Ukiichuma ikianza tu kubadilika rangi, unaweza kupata wiki moja na zaidi. Mahindi yaliyokauka vizuri, punje inayovunjika kwa meno bila kubonyea, yanangoja miezi kama ghala ni safi na juu kutoka chini. Karanga vile vile, lakini zikauke mpaka zilie ndani ya ganda ukizitikisa. Karanga yenye unyevu inashika ukungu wenye sumu, na sumu hiyo haitoki kwa kukaanga. Mafuta ya ngazi yaliyochemshwa mpaka maji yametoka, yakajazwa mpaka juu katika bido safi lililofungwa vizuri, yanangoja. Samaki wa moshi anangoja kama amekauka kweli, si rangi tu. Wadudu wanaingia kwa yule aliyekauka nje na mbichi ndani. Na muhogo ndiyo benki yetu: unabaki ardhini, unatoa unapotaka, ingawa ukiuacha muda mrefu sana unakuwa na nyuzi na kuoza.

Shauri letu, na ni shauri tu: mali isiyoweza kungoja isipite theluthi ya shamba la koperative, na ile ambayo watu wa hapa hawali, tusiiguse kabla mnunuzi hajatoa avansi ya mbegu. Kama anataka kweli pilipili hoho za rangi tatu, atoe pesa kwanza. Akikataa kushika hasara kidogo pamoja nanyi, mjue anataka muishike peke yenu.

Halafu karatasi. Katika mikataba tuliyoiona, mara nyingi kuna mistari mingi juu ya kosa la mkulima: mali mbaya, mali imechelewa, kreti imevunjika. Juu ya mnunuzi kuacha kununua, hakuna mstari hata mmoja. Ombeni aandike kwamba akitaka kusimamisha, atatoa taarifa siku 14 mbele, na mali iliyokwisha kuvunwa ndani ya siku hizo ataipokea kwa bei iliyokubaliwa. Siku 14 hazitoshi kwa nyanya ya kitalu, zinatosha kwa kutafuta balenieri na mnunuzi mwingine Bukama. Na jina la huyo mnunuzi mwingine mliwe nalo tangu sasa. Muuzieni kidogo kila msimu, hata kama bei yake ni chini, ili siku ya shida asiwaone kama wageni.

Kikundi cha yule mama kimekwisha kukaa. Msimu huu wameamua are 20 za nyanya, na zilizobaki ni mahindi, karanga na muhogo wa zamani ambao hawautoi. Karatasi ya siku 14 walimpelekea mnunuzi na kijana wa balenieri. Mnunuzi alijibu kwamba 14 ni nyingi, yeye anataka 7. Mama amesema wataongea kwa 10.