Degania: Shamba Moja, Mfuko Mmoja

Mkulima aliye katika chama cha ushirika amezoea kuuza mazao pamoja na wenzake, kisha kila mtu huenda nyumbani na fedha zake. Lakini wako watu waliofanya ushirika mpaka jikoni. Kijiji chao chaitwa Degania, nacho ni cha kwanza katika vile vijiji vya Wayahudi viitwavyo kibutsi.

Mambo yalianza kwa ugomvi. Mwaka 1909 vibarua wa shamba la Kinneret, kando ya Ziwa la Galilaya, hawakupatana na msimamizi wao. Kundi dogo likapewa shamba la Umm Juni, ng'ambo ya Mto Yordani, walilime mwaka mmoja bila msimamizi. Mwaka ulipokwisha, hesabu ilionyesha faida. Basi Oktoba 1910 vijana wengine, wanaume 10 na wanawake 2, walilichukua shamba hilo. Palestina ilikuwa bado chini ya Waturuki. Ardhi ilikuwa imenunuliwa na mfuko wa Wayahudi, kwa hiyo hakuna kijana aliyekuwa na hati ya kipande chake mwenyewe.

Walikaa katika nyumba za udongo, na malaria iliwasumbua sana. Mwaka 1912 walihamia mahali kilipo kijiji leo. Hapakuwa na mshahara. Mapato yote yaliingia katika mfuko mmoja, nao ulilisha na kuvisha kila mtu, mwenye nguvu na mgonjwa pia.

Hata hivyo usawa huo haukuwafikia wanawake mara moja. Wanaume walidhani kazi yao ni kupika na kufua. Miriam Baratz hakukubali; alikwenda kujifunza kukamua kwa wanawake Waarabu wa jirani, akarudi, akashika kazi ya ng'ombe. Mimi naona huyu alifanya kazi kubwa kuliko wengi waliotoa hotuba.

Walitaka pia kijiji kiwe kidogo, watu wajuane kama jamaa. Kwa hiyo watu walipozidi hawakukipanua, bali mwaka 1920 kijiji cha pili, Degania Bet, kilianzishwa karibu nao. Mei 1948, wakati wa vita, vifaru vya Syria vilifika mpaka kwenye ua wa kijiji, vikazuiwa.

Baadaye kiwanda cha vifaa vya kukatia vyenye almasi kilileta fedha. Lakini swali la zamani halikufa: je, afanyaye kazi nyingi apate sawa na afanyaye chache? Mwaka 2007 wanakijiji walipiga kura, wakakubali kila mtu apokee malipo kulingana na kazi yake. Hawakuvunja mfuko wote: kila mmoja hukatwa sehemu ya mapato yake, na fedha hizo huwasaidia wenzao wasiojiweza.