Mkutano Mkuu wa Katiba Haupokei Maagizo

Kila panapofanyika kikao cha elimu ya uraia, kuanzia Isebania mpaka Mbita, husimama mtu mwenye heshima zake akauliza: ikiwa baadhi ya ndugu zetu Wakuria wataka kaunti yao mbali na Migori, na ikiwa walipa kodi wa Homa Bay wamechoshwa na wingi wa vyeo, mbona hatuitishi mkutano mkuu wa katiba, tukarekebisha hayo mawili tu, kisha kila mtu akarudi kwake? Nimelijibu swali hili kwa upole hata upole umeniishia, na leo nalijibu kwa maandishi ili atakayeliuliza tena asome kwanza.

Maradhi ya swali hilo ni itikadi kwamba mkutano wa katiba waweza kutumwa kama tarishi, ukapewa barua moja na mlango mmoja wa kuifikisha. Mkutano uliokusanywa kwa jina la raia wote hauna bwana juu yake ila raia wote, na hao hawamo ukumbini. Walioitisha hugeuka wajumbe miongoni mwa wajumbe, na ajenda yao huwa karatasi mojawapo mezani. Huko Philadelphia mwaka 1787 wajumbe walitumwa kurekebisha mkataba wa shirikisho uliokuwapo, wakafunga milango, wakaandika katiba mpya kabisa, na kwa kuwa mkataba ule ulidai ridhaa ya majimbo yote 13, wao wakaamua kwamba 9 yatosha.

Walakini hatuna haja ya kwenda mbali. Mkutano wetu wa katiba wa Bomas hapa Kenya ulipofunguliwa Aprili 2003 ulikuwa na wajumbe 629, wabunge wote wakiwa miongoni mwao na watatu kutoka kila wilaya. Sheria iliyowakusanya iliandikwa kwa hadhari, na mwenyekiti wao, Profesa Yash Pal Ghai, alikuwa bingwa wa fani hiyo. Septemba mwaka ule Dkt. Crispin Odhiambo Mbai, aliyeongoza kamati ya ugatuzi, akauawa kwa risasi nyumbani kwake Nairobi; Machi 2004 baadhi ya mawaziri wakatoka ukumbini; rasimu waliyoipitisha wajumbe waliobaki ikachukuliwa na wanasiasa na kukatwakatwa, hata ile iliyofika mbele ya wapigakura tarehe 21 Novemba 2005, wakaikataa kwa takriban asilimia 58, haikuwa tena ya Bomas. Wazee wetu wanaousifu mkutano ule kana kwamba ndio uliotuzalia kaunti husahau kwamba Katiba ya 2010 haikupitia mkutano wa namna hiyo hata kidogo: iliandikwa na kamati ya wataalamu chini ya Nzamba Kitonga, ikapita Bungeni, ikaidhinishwa na raia kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010.

Jirani zetu wa Tanzania nao walionja hayo mwaka 2014. Tume ya katiba ya Jaji Warioba ilipendekeza Muungano wa serikali tatu, Bunge Maalumu la Katiba likarejesha mbili, wajumbe wa upinzani wa UKAWA wakatoka Aprili, waliobaki wakapitisha maandishi yao Oktoba, na kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 haikupigwa.

Fauka ya hayo, nani ataketi? Katiba yetu haina kifungu hata kimoja kisemacho mkutano kama huo huitishwaje, wala viti vyake hugawanywaje. Leo, katika mambo yahusuyo kaunti, ujumbe wa Migori una kura moja katika Seneti na wa Homa Bay kura moja, sawasawa na Nairobi, na fungu la kaunti zote haliruhusiwi kushuka chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Ndani ya mkutano usio na mipaka dhamana hizo ni hoja za kujadiliwa tu, na anayekwenda kudai kaunti ya 48 ajue kwamba aghalabu ataketi ubavuni mwa anayetaka zibaki 14.

Wako wanaonijibu kwamba mahakama zimetuamuru kuitisha mkutano wa katiba. Hao wamesoma hukumu za 2021 za mahakama za chini, zilizosema kwamba misingi ya Katiba haibadilishwi kwa marekebisho ya kawaida, wakaachia hapo. Mahakama ya Juu, tarehe 31 Machi 2022, iliikataa nadharia ya muundo wa msingi ambayo hukumu zile ziliegemea.

Njia halali zimo ndani ya Katiba yenyewe. Mipaka ya kaunti: kifungu cha 188, pendekezo la tume huru na thuluthi mbili katika Bunge la Kitaifa na Seneti. Kaunti mpya kabisa: hayo ni marekebisho, kwa mswada wa Bunge chini ya kifungu cha 256, au kwa saini milioni moja na mabunge ya kaunti 24 chini ya 257; na yakigusa muundo wa ugatuzi, kura ya maoni ni sharti. Ama mzigo wa vyeo, marupurupu ya wakubwa ni kazi ya tume ya mishahara na sheria za kawaida, wala hayahitaji mkutano wa mtu yeyote. Na ombi kwa Bunge chini ya kifungu cha 119 halingoji saini milioni: latosha jina la mtu mmoja na hoja iliyoandikwa sawasawa.