Makopo ya Unga na Magoti ya Vijana Wetu

Jioni moja tulikaa kando ya uwanja tukimtazama winga wa klabu moja ya mjini akichechemea. Gegedu la goti lake, yaani ile ngozi ngumu nyeupe inayozivika ncha za mifupa zisisuguane, lilikuwa limechanika. Mganga alikuwa amemwamuru afanye mazoezi ya kuimarisha paja na arejee baada ya majuma sita. Hakurejea. Fedha walizomchangia wenzake zilinunua kopo la unga wa glukosamini na kondroitini, ambao muuzaji aliapa kwamba huotesha gegedu upya.

Hatuna nia ya kumcheka kijana huyu. Mfa maji haachi kutapatapa. Lakini tunaona ni wajibu wetu kumweleza, yeye na viongozi wa klabu yake, yajulikanayo juu ya makopo hayo.

Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hulifikia kwa njia ya ute wa kiungo, ambao huingia na kutoka goti linapobanwa na kuachiliwa, mithili ya maji katika sifongo. Ndiyo maana jeraha lake hupona polepole mno, na pengine lisipone kabisa. Na ndiyo maana mazoezi aliyoamriwa hayakuwa ya kupoteza wakati.

Glukosamini aghalabu hutokana na magamba ya kamba na kaa. Kondroitini hutokana na magegedu ya ng'ombe, papa au nguruwe, na asiyekula nguruwe haelezwi hayo na muuzaji. Mwaka 2006 waganga wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 1,583 wa maumivu ya goti. Kwa majuma 24 baadhi yao walipewa vitu hivyo, kimoja kimoja au vyote viwili, na wengine vidonge vitupu. Kwa jumla, waliopewa glukosamini na kondroitini hawakuwashinda kwa nafuu waliomeza vidonge vitupu. Kundi dogo la wenye maumivu makali zaidi lilionyesha dalili ya kufaidika, lakini hao walikuwa watu ambao magoti yao yamechakaa, si wachezaji walioumia.

Kolajeni ina sifa bora kidogo. Utafiti wa mwaka 2008, huko huko Marekani, uliwapa wanariadha wa chuo gramu 10 kila siku, na maumivu yakapungua. Kupungua kwa maumivu, hata hivyo, si kuota kwa gegedu. Tena kolajeni ndiyo inayoufanya mchuzi wa makongoro ugande ukipoa, na vitamini C ambayo mwili huihitaji ili kuitengeneza imo katika mapera na malimau ya sokoni.

Liko jambo zito zaidi. Katika miaka ya 2000 na 2001 maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 kutoka nchi 13, ikakuta 94 vina homoni zisizotajwa kwenye kopo. Kanuni za michezo humwajibisha mchezaji kwa chochote kinachoonekana mwilini mwake, hata kama hakukijua.

Tumezungumza na viongozi wa klabu hiyo. Wamekubali kumrudisha kijana kwa mganga Jumatatu, na nauli tumeitoa sisi. Kopo bado lina unga nusu.